Huduma kwa jamii iingie kwenye masomo ya chuo kikuu, ipewe alama, na kijiji nacho kisahihishe

#1 Mkulima Msomi

Wadau, salaam.

Vyuo vikuu vyetu vinajinadi kwa kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Mbili za mwanzo zimo kwenye ratiba, zina walimu na zina mitihani. Ya tatu ukiitafuta utaikuta kwenye siku moja ya kupanda miti: fulana zimechapwa, mgeni rasmi amefika, picha zimepigwa, na kesho yake hakuna wa kumwagilia.

Nasema hivi: huduma kwa jamii iingizwe ndani ya masomo yenyewe. Sizungumzii kujitolea Jumamosi, wala fildi (mafunzo ya vitendo) tuliyoizoea ya kukaa ofisi ya halmashauri ukitumwa kutoa kopi. Nazungumzia somo lile lile la mwaka wa pili. Mwanafunzi wa uhasibu, badala ya kufunga hesabu za kampuni ya kubuni, apewe leja za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kweli, azipange pamoja na mhazini wake, na zile alama 40 za tathmini endelevu zitokane na kazi hiyo. Wa uhandisi wa maji aende kwenye kisima kilichokufa aseme kimekufa kwa nini: pampu imeharibika, maji yameshuka, au kamati haikukusanya hela ya dizeli. Wa sheria akae na mwalimu wake wamsaidie mjane aliyewekeshwa dole gumba kwenye karatasi ya mauzo ya shamba asiyoielewa.

Na sehemu ya alama itoke kwa waliohudumiwa. Najua hapa ndipo wengi watanipinga, ila sirudi nyuma. Ripoti nzuri inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika.

Swali langu: kwa nini hatufanyi? Nini hasa kinazuia?

#2 Supu ya Pweza

Kijiji kisahihishe? Kuna vijana watashuka kwenye basi na mfuko wa sukari na kitenge cha mama mwenyekiti kabla hawajafungua leja. Nimekaa siti ya mbele, endeleeni.

#3 Mzee Chogo

Mnalijadili kama limezaliwa jana. Nchi hii ilishajaribu na ukawa ugomvi. Mwalimu Nyerere aliwatimua wanafunzi wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM) walipogomea Azimio la Musoma, wakisema wao ni wasomi, hawawezi kwenda kufanya kazi na wanakijiji. Tangu hapo kila kiongozi anaogopa kumlazimisha mwanachuo kitu chochote nje ya darasa. Sababu ndiyo hiyo.

#4 Mlimani Mwekundu

Mzee Chogo, shikamoo. Umeunganisha mambo mawili yaliyopishana miaka 8.

Maandamano ni Oktoba 1966 na kilichoyaleta ni JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilitaka wanaomaliza kidato cha sita na vyuo watumikie miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, kisha miezi 18 kwenye kazi zao za kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Wakaandamana hadi Ikulu, wakamwambia Mwalimu kwamba miili yao itakwenda lakini roho zao zitabaki nje ya mpango. Karibu 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa chuoni baadaye.

Azimio la Musoma ni la Novemba 1974. Hilo lilisema ukimaliza kidato cha sita na JKT, ufanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, ndipo uombe chuo, tena ukiwa na barua ya mwajiri na ya tawi la chama. Kwa upande wa chuo, hoja yake kubwa ilikuwa nani aingie. Somo lenye alama ndani ya kijiji ni jambo jingine.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba "ilishajaribiwa". Anachokisema mleta uzi hakijajaribiwa bado.

#5 Mzee Chogo

Marahaba. Mwaka nimeuchukua, ahsante. Lakini wewe umeyasoma, mimi nimepita humo. Mimi ni wa kizazi cha Azimio la Musoma: nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Usukumani kabla ya kuingia chuo. Darasani mhadhiri wa uchumi akigusa bei ya mkulima, nusu ya darasa ina la kusema, maana tumeona mizani inavyochezewa na tumeona mkulima anavyonyamaza kwa sababu ana deni la mbegu. Siku hizi mjukuu wangu anatoka bweni la sekondari anaingia bweni la chuo. Ana akili kuliko mimi, lakini ukimuuliza gunia la pamba linapimwa wapi anatafuta kwenye simu.

Kwa hiyo sipingi hoja. Ninachosema ni kwamba "lazima" ina kumbukumbu mbaya kwetu. JKT ya mujibu wa sheria ilisimama 1994, ikarudi 2013, na mpaka leo majina ya kidato cha sita yakitoka utasikia wazazi wanaulizana kama mtoto anaweza kuachwa.

#6 Dada wa Tafiti

Mimi nafundisha chuo kikuu, sitataja kipi. Mkulima Msomi ameuliza nini kinazuia. Jibu langu halina historia ndani yake: ni kupanda cheo.

Nikiandika makala mbili kwenye majarida yanayotambulika, nasogea. Nikikaa na wanafunzi kisimani mwezi mzima, kijiji kikapata maji, kwenye fomu ya kupandishwa cheo napata mstari mmoja. Nina watoto wa kusomesha, na mwenzangu aliyebaki ofisini kuandika atakuwa bosi wangu. Watu wanaitwa wabinafsi kwa kufuata njia ambayo chuo kimeichora chenyewe.

La pili ni wingi. Darasa langu la mwaka wa kwanza halitoshi kwenye ukumbi, wengine wanasikiliza dirishani. Hao wote niwapeleke AMCOS ipi?

Halafu Mlimani Mwekundu, hapo pa "hakijajaribiwa" sikubaliani. Kitivo cha Sheria cha hapo hapo Mlimani kina kamati ya msaada wa kisheria kwa wananchi kwa miongo mingi. Shida ni kwamba ilibaki kazi ya walimu na wanafunzi wenye moyo. Haikuwa somo ambalo kila mwanafunzi lazima alipitie.

#7 Mtendaji wa Kusini

Habari zenu. Mimi ni mtendaji wa kijiji, Mtwara huku, tunalima korosho. Naona mnazungumza kuhusu "waliohudumiwa", basi naomba nami niseme.

Watu wa chuo wanakuja. Asiwadanganye mtu kwamba hawaji. Wanakuja na madodoso. Anaanza "kaya yenu ina watu wangapi", anamaliza "mnakabiliwa na changamoto gani", anapiga picha ya choo, anaondoka. Kuna bibi mmoja alimuuliza binti wa dodoso: "Mwenzako nilimjibu haya haya, aliyapeleka wapi?" Binti hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo, kwa sababu ofisini kwangu haijawahi kurudi ripoti hata moja. Barua ya utambulisho inakuja, ripoti hairudi.

Chumba cha kulala namtafutia mimi. Akipandisha homa, bodaboda ya kumpeleka zahanati naitafuta mimi. Akigombana na mwenye nyumba nasuluhisha mimi. Kwenye bajeti ya chuo mimi simo.

Na kubwa kuliko yote ni kalenda. Mkulima Msomi ametaja leja za AMCOS. Fildi yenu ni Julai hadi Septemba. Miezi hiyo watu wako mashambani, wanapulizia salfa na kufyeka, ghala limefungwa, leja zimelala. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Hapo ndipo karani anapima usiku kwa taa ya simu, stakabadhi zinachanganyika, mkulima anadai kilo zake zimepungua, malipo yanaingia akaunti ya mtu mwingine. Hapo ndipo tunamhitaji mtu wa hesabu. Na Oktoba hiyo hiyo nyinyi mmerudi darasani kufundishwa hesabu.

#8 Supu ya Pweza

Mtendaji, hiyo aya ya mwisho ningekuwa mkuu wa chuo ningeibandika mlangoni.

#9 Kipanga wa Eldoret

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Nimesoma uzi wote.

Huku kwetu Chuo Kikuu cha Moi, wanafunzi wa udaktari wanafanya kitu kinaitwa COBES, yaani masomo na huduma ndani ya jamii, karibu tangu shule hiyo ya tiba ilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 90. Makerere nao walianza yao yenye jina hilo hilo 2003. Mwanafunzi haendi mara moja tu mwishoni. Anarudi kwa jamii mwaka baada ya mwaka, kila safari na kazi yake: kuijua jamii na shida zake, halafu kufanya uchunguzi, halafu kushiriki kazi ya kituo cha afya chenyewe. Inahesabiwa kama masomo. Usipopita hapo, husongi.

Kwa hivyo kusema haiwezekani si kweli. Lakini angalieni ni akina nani: wanafunzi wa tiba. Darasa dogo, kituo cha afya kiko tayari, kuna daktari wa kuwasimamia. Mwanafunzi wa historia utampeleka kituo kipi?

Kwa Mzee Chogo: hata sisi tulikuwa na lazima yetu. Kuanzia 1984 waliofuzu kuingia chuo kikuu walipitishwa kwanza National Youth Service. Ikaja ikaachwa. Sasa imerudi kwa sura nyingine chini kabisa: katika mtaala mpya wa umilisi, mafunzo ya huduma kwa jamii ni somo la lazima kwa shule za upili za juu. Kwa hivyo chuo kitaanza kupokea watoto waliokwisha kuzoea jambo hili, na sijui wahadhiri wamejipanga vipi.

#10 Fundi Chuma

Mkuu Kipanga, si tiba peke yake. Naleta mfano wa Dar.

Nilisoma masuala ya mipango miji. 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na UDSM tuliingia kwenye kata zinazofurika, Tandale na nyinginezo za bonde la Msimbazi na Jangwani, tukachora kila mtaro, kila kichochoro, kila bomba, tukaweka kwenye OpenStreetMap ambako mtu yeyote anaona bure. Kwa wengi ilihesabika kama mafunzo yao ya vitendo.

Jambo ninalotaka mlione ni hili. Simu zilikuwa zinatuonyesha tulipo, lakini mtaro uliozibwa na nyumba simu haijui. Anajua mjumbe. Tuliongozana na wajumbe na vijana wa mtaa, na kila nyumba tukauliza mafuriko ya 2011 yalifika wapi. Mama anaweka kiganja ukutani: hapa. Kipimo hicho hakimo kwenye kitabu chochote, na bila yeye ramani yangu ingekuwa ya kudhania. Mwaka ule nilijifunza upimaji kuliko miaka yote ya darasani, kwa sababu nikikosea mstari mtu ananiambia pale pale, "Kijana, maji hayapiti huko."

#11 Mlimani Mwekundu

Fundi Chuma, mfano mzuri sana. Ila mradi ule ulikuwa na wafadhili wakubwa, Benki ya Dunia ikiwemo. Ukiondoa hela hiyo, chuo kwa bajeti yake kingefanya?

#12 Fundi Chuma

Hela ilisaidia vifaa na nauli. Lakini wanafunzi tulikuwepo hata kabla ya hela, na tungeandika ripoti ya vitendo hata bila hela. Tofauti ni kwamba ripoti ingelala kabatini. Sikubali kwamba kila kitu ni mfadhili.

#13 Nyota Njema

Mimi niko mwaka wa pili sasa hivi. Wote mnaongea kama mwanafunzi ana muda na ana hela.

Bumu (hela ya kujikimu) likitoka linalipa chumba na deni la mama ntilie, linaisha. Hela ya fildi wanaipata wenye mkopo, tena si wote wanapata kiasi sawa. Wenzangu wasio na mkopo wakati wa fildi wanaomba nafasi karibu na kwa mjomba, popote mjomba alipo, hata kama ofisi haihusiani na anachosoma. Mkiongeza safari ya kijijini katikati ya muhula, nauli ya Mtwara nani anatoa? Mtoto wa mwenye nacho ataenda, atapata alama, mimi nitabaki na sifuri kwa sababu ya nauli.

Na hizo alama za kijiji: msimamizi wa fildi aliwahi kuniambia nimletee "ya soda" ndipo asaini daftari langu. Mkiongeza watu wa kusaini mnaongeza soda.

#14 Mkulima Msomi

Nyota Njema, hapo pa nauli umenigusa na sina jibu jepesi. Ila si lazima iwe Mtwara. Dar kuna mitaa kibao inayopakana na vyuo, vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, viko nyuma ya ukuta wa hosteli. Mimi nadhani tumejizoeza kuona "jamii" ni mahali pa kupanda basi.

#15 Kalamu Nyekundu

Tuweke hesabu mezani badala ya hisia. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Somo la krediti 12 ni saa 120. Ukizigawa kwa muhula wa wiki 15, ni saa 8 kwa wiki. Yaani siku moja: Ijumaa nzima.

Fildi ya wiki 8, saa 8 kwa siku, siku tano, ni saa 320. Saa hizo tayari tunazo! Hatuhitaji kuongeza kitu, tunahitaji kubadilisha kinachofanyika ndani yake na kuhamisha baadhi ziende Oktoba alikosema Mtendaji.

#16 Dada wa Tafiti

Kalamu Nyekundu, kwenye karatasi umepatia. Sasa nenda kahamishe Ijumaa moja tu kwenye ratiba ya chuo chenye vitivo vingi na madarasa machache, halafu urudi hapa utuambie.

#17 Mbongo wa Minnesota

Niko Marekani, nimepitia kozi za namna hii kama mwanafunzi. Huku zina jina na zina historia, kuanzia miaka ya 60. Zinazofanya kazi ni zile ambazo baada ya kwenda kwenye kituo cha wazee au cha wakimbizi mnarudi darasani mnalifumua jambo: kwa nini foleni ni ndefu, sheria gani inaleta hili, nani anafaidika. Zinazokufa ni za fomu ya saa. Unakusanya saa, unasainiwa, basi. Nimeona watu wanapanga makopo ya chakula kwenye rafu, wanarudi wanaandika kwamba maisha yao yamebadilika. Aliyekuja kuchukua kopo hakuulizwa.

Ila mfano mkubwa zaidi uko Mexico. Huko huduma kwa jamii ni ya sheria. Ilianza na wanafunzi wa tiba wa chuo kikuu cha taifa, UNAM, mwaka 1936, walipopelekwa vijijini. Leo mwanafunzi wa fani yoyote lazima atimize angalau saa 480, bila hivyo hapati shahada yake. Wa udaktari ni mwaka mzima. Kwa hesabu za Kalamu Nyekundu hizo 480 ni krediti 48.

#18 Daktari wa Zamu

Mexico mmeleta upande mmoja. Zahanati nyingi za vijijini kule zimeendeshwa na hao wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mara nyingi peke yao, na malalamiko ya usalama wao na ya uzoefu wao mdogo hayajawahi kuisha. Serikali ikishapata mwanafunzi wa bei rahisi, inachelewa kuajiri daktari.

Hilo ndilo linalonitisha na hoja ya uzi huu. Mjane aliyeandikiwa karatasi ya uongo hahitaji mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sheria. Anahitaji wakili. Tusije tukaweka utaratibu ambapo tajiri anahudumiwa na aliyefuzu na maskini anahudumiwa na anayejifunza. Mimi kama daktari nilijifunza kwa wagonjwa maskini, naijua ladha yake. Kila mara alikuwepo mkubwa nyuma yangu, na siku ambazo hakuwepo ndizo ninazoziwaza mpaka leo.

#19 Mwalimu wa Zamu

Naunga mkono #18 na nina kesi yangu. Shule yetu ya kata haina mwalimu wa fizikia. Kila mwaka Julai wanakuja wanachuo wa mazoezi ya kufundisha. Watoto wanafurahi, fizikia inafundishwa, kuna kijana mmoja alitengeneza umeme wa maonyesho kwa betri mbovu na waya, kidato cha pili wakaanza kugombania daftari. Septemba anaondoka. Watoto wanabaki katikati ya mada.

Nikiomba mwalimu, naambiwa "si mnapata wa mazoezi?" Kwa hiyo msaada wake ndio umegeuka sababu ya mimi kutopewa mwalimu.

Hata hivyo sitaki wasije. Bila yeye wale watoto wasingejua kwamba fizikia inapendeza. Hapo ndipo kichwa kinaniuma.

#20 Bint Unguja

Assalaam aleykum. Hamna hata mmoja aliyeuliza mtoto wa kike analala wapi.

Mimi nilipangiwa kijiji, nikapewa chumba nyumba moja na bwana mmoja wa kamati, mlango hauna komeo. Niliishia kulala kwa mwalimu wa madrasa, mkewe akanipokea kama mwanawe, na kila jioni nakaa nao twatengeneza urojo. Wema wa mtu mmoja ulinisitiri, si utaratibu wa chuo. Sasa mkisema yule bwana wa kamati ndiye atoe alama zangu, fikirini vizuri mnachokisema.

#21 Supu ya Pweza

Urojo kijijini? Bint Unguja, hiyo fildi yako ilikuwa na neema. Ila hapo pa komeo umesema kweli tupu, na hoja ya kijiji kusahihisha imepata pigo. Mleta uzi yuko wapi?

#22 Mkulima Msomi

Nipo. Bint Unguja, pole sana, na nashukuru umelisema. Sikusema mtu mmoja atoe alama. Nilifikiria kikundi chenyewe, mkutano wa wanachama, kwa uwazi: mwanafunzi asimame aeleze alichofanya, waseme kinafaa au hakifai. Aibu ya mbele za watu inazuia mengi, soda ikiwemo. Najua haizuii yote.

Daktari wa Zamu, mwanafunzi asiende peke yake, hapo tuko pamoja. Lakini tusijidanganye kwamba mjane ana wakili ambaye mwanafunzi anamnyang'anya nafasi. Wakati mwingi hana mtu yeyote.

Kuhusu kitu kinachobaki baada ya wageni kuondoka, nendeni Mgeta, juu milimani Uluguru. Miaka ya 80 SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) walipeleka mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway kwa wakulima wa huko. Mahali pa baridi, panafaa. Mbuzi wakazaliana, wakulima wakashika ufugaji, na miaka mingi baadaye maziwa ya mbuzi bado ni sehemu ya maisha ya kule, na wanafunzi wa SUA wamekuwa wakipanda kujifunza kwa wafugaji hao hao. Chuo hakikuja na kuondoka. Kilirudi, kikarudi tena. Mimi nadhani siri iko hapo kuliko kwenye alama: chuo kiwe na vijiji vyake vya miaka na miaka, wanafunzi wakibadilishana, daftari likiwa moja.

#23 Mlimani Mwekundu

Mgeta ulikuwa mradi wa utafiti, wenye walimu wenye fungu lao. Umebadilisha hoja katikati. Mwanzo ulitaka somo lenye alama, sasa unataka chuo kiwe na kijiji. Ni mambo mawili.

#24 Mzee Chogo

Ni jambo moja, kijana. Bila kijiji hicho cha kudumu somo ni ziara.

#25 Kipanga wa Eldoret

Mimi niko na Mzee hapo. COBES huku inadumu kwa sababu vituo ni vile vile na watu wa kituo wamewazoea wanafunzi. Hata mpishi anajua mwezi wao.

#26 Dada wa Tafiti

Na mimi bado nasema: badilisheni fomu ya kupanda cheo, hayo mengine yote yatafuata. Hakuna mhadhiri atakayetunza kijiji kwa miaka mingi huku mwenyewe akibaki mhadhiri msaidizi.

#27 Kalamu Nyekundu

Mtendaji, hujajibu hoja ya kusahihisha. Wanakijiji wako wanaweza kumpa mtu alama?

#28 Mtendaji wa Kusini

Nilikuwa kwenye kikao cha pembejeo.

Wanaweza. Mkulima wa korosho anajua kama hesabu zake zimekaa sawa kuliko profesa yeyote, kwa sababu hela ni yake. Usimuulize "mpe huyu asilimia ngapi". Muulize: stakabadhi yako unaweza kuisoma sasa? Kilo ulizopeleka na hela uliyopokea vinalingana? Karani anaweza kuendelea kijana akiondoka? Majibu hayo nyinyi yageuzeni alama mnavyojua.

Bint Unguja, suala la komeo nitalipeleka kwenye kikao changu kijacho, halihitaji chuo.

Ila wengi sitaki. Mara moja tuliletewa basi zima, hata maji ya kuoga yalikuwa tatizo. Na kabla hamjawaza wanafunzi wa mbali, kuna Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kilianza 1963 kama chuo cha kuwafundisha hao hao watu wa vyama vya ushirika, na kina vituo mikoani. Mimi naona pa kuanzia ni kule, kabla ya kubuni kipya.

#29 Nyota Njema

Mtendaji, mimi nasoma uhasibu. Leja za AMCOS yenu zilifungwa lini mara ya mwisho?

#30 Mtendaji wa Kusini

Mkaguzi alipita akasema hazikaguliki. Msimu uliopita karani wa zamani alihama na daftari moja, tunalidai mpaka leo. Zilizopo ziko kwenye boksi ofisini kwangu, mchwa wameanza kona moja.

Njoo na mwenzako mmoja, wa kike kama wewe ni wa kike, mtalala kwa mwalimu mkuu. Wiki ya pili ya Oktoba mnada wa kwanza utakuwa umepita.

#31 Nyota Njema

Wiki hiyo ndiyo tunafungua chuo na kusajili masomo. Ukichelewa unapigwa faini.

#32 Dada wa Tafiti

Nyota Njema, niandikie ujumbe wa faragha. Usajili tutauzungumza. Nauli sina ahadi.